Bendera ya Baba Mkubwa

Nagaoka,
Mwanzoni mwa Agosti

Kaka Katsuaki,

Pokea salamu zangu kwanza, maana mengine yakishaanza sina hakika kama utakuwa na moyo wa kuzipokea. Mvua za msimu zimekwisha na joto limetushukia kwa ghafla. Hapa mjini hata nyenje wanalia kama waliochoka. Goti lako linaendeleaje? Shemeji Tokiko aliniambia kwamba bado unapanda kila asubuhi kwenye mashamba ya ngazi, na kwamba akikukataza unajifanya husikii hata kwa sikio lile zima. Nakusihi umsikilize. Mpunga utakua bila wewe kuusimamia. Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo sasa yanadai mwanga mwingi kuliko zamani.

Sababu ya kukuandikia badala ya kupiga simu ni kwamba kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata nafasi ya kujitetea. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia. Soma mpaka mwisho, kisha unitukane.

Bendera ya baba yako imepatikana.

Ni ile aliyoondoka nayo kwenda vitani, ya hariri nyeupe yenye duara jekundu, ambayo kijiji kizima kiliandika majina kulizunguka duara hilo ili wamwombee heri. Ilikuwa Marekani, ndani ya sanduku la zana katika banda la mzee mmoja aliyepigana upande wa pili. Mzee amefariki, mjukuu wake akaikuta, akaituma kwenye kikundi chetu. Imekuwa mikononi mwetu tangu theluji ilipoyeyuka. Sikukuambia.

Unaijua kazi yetu, kwa sababu uliwahi kuicheka. Nilipostaafu kufundisha lugha ya kale na kuanza kwenda ukumbi wa mtaa kusoma bendera hizi, uliniuliza: "Mdogo wangu, umeacha kusahihisha watoto, sasa unasahihisha marehemu?" Nilikasirika, lakini hukukosea sana. Vijana wa leo hawawezi kusoma mwandiko ule wa brashi, ambao herufi moja hutiririka ndani ya nyingine kama tambi kwenye bakuli. Mimi husoma jina kwa jina, kuanzia kwenye duara mpaka ukingoni, wala siruki. Bi Sekine, aliyekuwa mfamasia na ambaye hupaka nywele zake rangi ya biringanya, huandika ninayoyasoma, huyatafsiri kwa Kiingereza, kisha hupiga simu kwa vyama vya familia za waliofiwa mpaka apate mwenye bendera. Familia ikipatikana, yeye hulia, mimi hutazama dirishani.

Siku bendera hii ilipofika, Bi Sekine alivaa glavu zake nyeupe, akaikunjua mezani. Upande wa kulia, kwa wino mzito, lilikuwapo jina la msafiri: Igarashi Tokuzō. Juu yake, maneno yale yaliyomo karibu katika kila bendera: Bahati ya vitani idumu. Jina peke yake halikunishtua, maana kina Igarashi katika mkoa huu ni wengi kuliko bata. Kisha nikaliona jina la babu, limeandikwa kwa kukandamiza brashi kama mtu anayelima. Kando yake lilikuwapo la jirani yetu, limeongezewa kwa herufi ndogo "wa Kisimani", jina la nyumba yao. Na karibu kabisa na ukingo wa duara jekundu, kwa herufi ndogo zilizonyooka, jina la mama yetu: Kiyono.

Hapo nikaacha kusoma.

Bi Sekine akaniuliza kama nimeona mzimu. Nikamwambia wino umetawanyika, sioni vizuri. Akacheka: "Wewe, Mwalimu? Wewe unayesoma mwandiko wa madaktari bila miwani?" Nikarudia kwamba umetawanyika. Alitaka kujua maneno yale madogo kando ya jina la jirani ni nini. Bi Sekine ni mtu wa mjini. Hajui kwamba katika kijiji ambacho wote ni Igarashi hakuna anayemwita mwenzake kwa ukoo, kwamba sisi ni Wa Mapipa kwa sababu ya babu aliyetengeneza mapipa, na wenzetu ni Wa Kisimani. Kwa maneno mawili yale angekipata kijiji chetu kabla chai haijapoa. Nikamwambia hayasomeki. Maisha yangu yote nimewapunguzia wanafunzi alama kwa nukta moja iliyokosewa, na siku hiyo nilitazama maandishi yaliyo wazi nikasema hayapo.

Nitakuambia ni kwa nini. Ni wivu, Kaka. Sina neno lingine la heshima zaidi.

Umekulia katika nyumba ile, lakini umekulia upande wa pili wa meza. Kila asubuhi bakuli la kwanza la wali lilikwenda mbele ya picha ya baba yako, na mama aliinama pale muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa karibu na mtu yeyote aliye hai. Baba yako alikuwa ndani ya sare yake, kijana, ameinua kidevu. Hakuzeeka. Hakukohoa, hakulewa kwenye harusi za watu, hakung'olewa meno. Utashindanaje na mtu wa namna hiyo? Baba yangu alikula chini ya picha ile akiwa na matope mpaka magotini. Mama alirithiwa na mdogo wa mumewe kama ilivyofanyika katika nyumba nyingi baada ya vita. Hakuna aliyemwuliza yeye, wala hakuna aliyemwuliza baba yangu. Kisha nikazaliwa mimi, katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe. Samaki mzima, mwenye kichwa na mkia, alikuwa wako. Maji ya kuoga yalikuwa yako kabla yangu. Mama alipokutazama alikuwa akitafuta macho ya mtu mwingine, nawe ulikuwa nayo. Mimi nilikuwa na macho ya mtu aliyekuwa zizini.

Hilo la zizini ni lako. Unakumbuka kule mtoni? Tuligombania wavu, ukaniambia: "Baba yangu yuko kwenye picha. Wako yuko zizini na ng'ombe!" Nami nikakujibu kwamba wako ni jiwe, kwa sababu sanduku jeupe lililoletwa na jeshi halikuwa na mfupa wala unywele, lilikuwa na jiwe tu, na wote tulijua. Baba yangu alikuwa nyuma yetu amebeba majani ya ng'ombe. Akayatua chini, akanipiga kofi. Mimi, wala si wewe. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo, wala hakunipiga tena. "Nyamaza," aliniambia. "Humjui." Nimeishi na kofi lile mpaka uzee huu, nikimlaumu kwa kumpiga mwanawe kwa ajili ya mtu aliyekwisha kumnyang'anya kila kitu.

Kwa hiyo bendera ilipokunjuliwa mbele yangu nilisema moyoni: mtu huyu hata akifa anarudi. Baba yangu, aliyekulea wewe na mimi, aliyekubeba mgongoni kwenye theluji kukupeleka kwa daktari, hakuna Mmarekani atakayemleta ndani ya sanduku. Hakuna gazeti litakalompiga picha. Na wewe, mwenye nyumba, mwenye mashamba, mwenye macho yale, unaongezewa tena.

Nikanyamaza wiki baada ya wiki. Bi Sekine hakunyamaza. Alipiga simu mpaka akampata Igarashi Tokuzō mwingine, wa kijiji cha ng'ambo ya mto mkubwa, aliyefia Ufilipino kama baba yako. Ndugu pekee aliyebaki ni mpwa wake, Bi Shizue, mama wa zaidi ya miaka themanini anayeishi peke yake. Bi Sekine aliingia ukumbini akipunga mikono. "Mwalimu, tumempata! Yule mama amelia kwenye simu mpaka nikalia na mimi. Nimeshawaambia watu wa gazeti." Nikasema hongera. Akanitazama. "Hongera tu? Hebu cheka kidogo basi, uso umeukunja kama mtu aliyetafuna umeboshi, plamu kali ya chumvi, tena ya mwaka juzi!"

Siku ya makabidhiano ikapangwa, Jumamosi kabla ya sikukuu ya wafu. Nilijipa hoja nyingi. Kwamba yule Tokuzō naye alikufa na hana kaburi lenye kitu. Kwamba mama yule mzee atafurahi kabla ya kufa. Kwamba wewe hujui, na asiyejua hapotezi. Zilikuwa sentensi safi, Kaka. Ningezipa alama zote. Kasoro yake ni kwamba zilikuwa za uongo.

Kilichoniponza ni mjukuu yule wa Marekani. Aliandika kwamba kabla bendera haijakabidhiwa angependa kujua kila neno lililomo, kwa sababu babu yake aliitazama maisha yake yote bila kuelewa hata moja. Bi Sekine akanibana. "Kona ya chini hujanipa mpaka leo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba haturuki! Usinitie aibu kwa watu wa nje, Mwalimu." Akaniruhusu niende nayo nyumbani.

Niliitandaza asubuhi karibu na dirisha. Katika kona ya chini kushoto kuna doa la kahawia. Katika kikundi chetu hatulitaji doa la namna hiyo kwa jina lake. Sikuwahi kuitazama kona ile, maana nilikoma kusoma nilipoliona jina la mama, na tangu hapo nilikuwa nikiikunja bendera haraka kama mtu anayeficha nguo chafu. Sasa nikaweka taa ubavuni ili wino ujitenge na doa. Haukuwa mwandiko wa brashi nzuri. Mistari ilikuwa mizito, mingine imeanzishwa upande usiofaa. Ulikuwa mkono wa mtu aliyetolewa shule mapema akapewa jembe. Niliutambua kabla sijausoma. Nimeuona maisha yangu yote kwenye mipini ya majembe na kwenye magunia ya mchele, wala si mahali pengine.

Ni mkono wa baba yangu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Wengine wote wameandika habari za ushindi, za Mfalme, za kufa kwa fahari. Yeye ameandika hivi:

Kaka, nyumba nitakutunzia. Rudi. Yoshizō.

Nimesoma bendera nyingi, na neno hilo la mwisho nimelikuta mara chache sana. Halikuwa neno la kuandika siku zile. Mtu aliyekwenda vitani hakuambiwa arudi. Aliambiwa ashinde au afe, na mzee yeyote wa kijiji angeweza kumletea shida kijana aliyeandika vinginevyo. Nadhani ndiyo maana aliandika kwa herufi ndogo, konani, mahali ambapo kitambaa kikikunjwa hakuna atakayeona ila mwenye kukikunjua.

Nilikaa pale mpaka chai ikawa baridi. Kaka, baba yangu hakuwahi kukaa kwenye nafasi ya mwenye nyumba karibu na jiko. Alikaa pembeni, upande wa mlango, na nafasi ile ikawa tupu mpaka ulipoikalia wewe. Nilidhani ni unyonge. Ulipofikia utu uzima akaandikisha mashamba kwa jina lako siku hiyo hiyo, hakusubiri hata theluji iishe. Nilidhani mama amemshurutisha. Nilimwona kama mtu aliyeshindwa na maiti. Kumbe alikuwa akitunza tu. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye nyumba hatarudi, au aliambiwa akakataa kusikia, na jiwe lilipoletwa ndani ya sanduku hakuliamini. Aliponiambia mtoni kwamba simjui, alisema kweli. Nilikuwa namtukana kaka yake.

Usidhani kwamba wivu uliisha hapo. Ulihama chumba tu. Mimi nimefundisha watu kuandika tangu ujana wangu, na baba yangu hakuwahi kuniandikia hata mstari mmoja. Nilipokuwa chuo kikuu mama ndiye aliyeandika. Baba aliweka matunda ya persimoni yaliyokaushwa ndani ya kifurushi, na nilipokula nilijua ni nani aliyeyafunga. Sentensi pekee ninayojua kwamba baba yangu aliiandika, nimeikuta katika uzee wangu, nayo ni ya baba yako. Ina makosa mawili. Sijawahi kuona sentensi nzuri kama hiyo.

Nilimpigia Bi Sekine nikamwambia yote. Akaniuliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu siku ya kwanza. Akasema: "Nimeshaagiza keki, Mwalimu." Nikamwambia nitailipia. Ndipo akapandisha sauti. "Keki ni kitu gani! Yule mama amesafisha madhabahu yao yote! Amenunua maua! Wewe ndiye utakayekwenda kumwambia, uso kwa uso, na usipeleke mtu wala usipige simu." Akakata. Alhamisi iliyofuata, ukumbini, alikaa mbali nami, na chai alijimiminia yeye tu.

Nilikwenda. Bi Shizue alikuwa amefungua milango yote ya nyumba, na juu ya meza ndogo mbele ya madhabahu alikuwa ametandika kitambaa kipya cha kuilaza bendera. Nilipiga magoti nikaweka paji la uso sakafuni, nikamwambia kwamba bendera si ya mjomba wake, na kwamba nilijua hivyo muda wote nikaficha. Sikumpa sababu, naye hakuniuliza. Alinitazama, akakitazama kile kitambaa, akaanza kukikunja polepole. "Basi wangu bado yuko njiani," alisema. Kisha akaenda jikoni akaniletea chai baridi ya shayiri, maana jua lilikuwa kali, na nilipoondoka akanitilia matango mfukoni. Nilimwomba anipe majina ya jirani zake wa zamani, ili bendera yake ikija siku moja niitambue. Aliyataja yote bila kusita, na nyumba zao, nami nikayaandika.

Sasa, Kaka, nifikie hilo lililobaki. Nitaileta bendera siku ya kuwasha moto wa kuwapokea wafu. Nitakuja na gari moshi la asubuhi. Usije kunipokea, goti lako si la kuendesha gari. Ni yako. Nakuletea bila sharti lolote, na hata ukinifungia mlango nitaiweka kizingitini na kurudi zangu, na utakuwa umefanya haki. Ukinifungulia, nitakusomea majina yote, kuanzia kwenye duara mpaka ukingoni.

Lakini kuna jambo ninalokuomba, nawe una uhuru wa kulikataa. Tangu ulipojua kusema, bibi alikufundisha kwamba baba yako ni yule wa pichani, na kwamba huyu aliyekuwapo ni Baba Mdogo. Ulimtii, na hukuwa na kosa, ulikuwa mtoto. Ukamwita Baba Mdogo alipokuwa akikufundisha kupanda mpunga, ukamwita hivyo kwenye harusi yako, ukamwita hivyo kitandani kwake siku ya mwisho, naye aliitika kila mara. Picha yake sasa iko madhabahuni karibu na ya kaka yake. Ukishausoma ule mstari wa konani, inama mbele yake na umwite Baba. Mara moja inatosha.

Neno hilo nimekuwa nalo peke yangu tangu kuzaliwa kwangu. Ndicho kitu pekee katika nyumba ile ambacho kilikuwa changu na si chako, na nimekilinda kwa wivu kuliko ulivyolinda mashamba. Najua litaniuma kulisikia kinywani mwako. Litamke hivyo hivyo, nami nikiwa nimekaa pale pale, nisikie.

Nisalimie Shemeji Tokiko, umwambie asihangaike kupika mengi. Wali mpya na tango la kuchachuka vinanitosha. Wasalimie watoto wako na wale wajukuu wanaoniogopa. Wasalimie Wa Kisimani wakikuuliza habari zangu. Jihadhari na jua la mchana, na kama lazima upande mashambani, panda polepole.

Mdogo wako wa tumbo moja,

Noriyuki, mwana wa Yoshizō